Kata Iliyolala Kifudifudi

Maji ya mtungi yana harufu ya mvua ya kwanza juu ya vumbi, na wajukuu zangu hawaijui harufu hiyo. Wao wanakunywa kwenye bomba la ukutani linalowapima mate na pumzi kabla hawajameza. Likiona jambo linaiambia zahanati, linaiambia shule, linamwambia mpaka mpishi apunguze chumvi. Wamepona mengi kwa sababu yake, sikatai. Lakini wakiiona kata yangu juu ya kabati, kata ya udongo yenye mpini uliopinda kidogo na madoa mawili ya bluu mdomoni kama miezi michanga iliyopeana mgongo, wanadhani ni pambo, na wananiuliza mbona sikuinunulia mwenzake.

Haina mwenzake. Niliifanya moja tu.

Miaka ile nilikuwa nimeolewa Kyela, ndani kidogo kutoka ziwani. Kaya yetu ilikuwa na nyumba mbili na jiko. Nyumba moja ya wakwe zangu, moja yetu mimi na mume wangu Lugano, na jiko langu limejitenga nyuma ya migomba, lina mafiga matatu, kichanja cha vyombo na mtungi mmoja mkubwa uliokaa kwenye kona yenye baridi. Ilikuwa baada ya mafuriko makubwa. Plastiki ilikuwa imepigwa marufuku, mabomba yamejaa tope, na kipindupindu kilikuwa kinatufundisha adabu. Ndipo serikali ikawarudia wafinyanzi wa Ikombe, kwa mama zangu, ikawaambia: ninyi fanyeni mitungi na kata, sisi tutaleta dawa ya mdomo wa kata.

Dawa ya mdomo tuliiita wekundu. Ilikuja kwenye vichupa vidogo, rangi yake kama juisi ya rozela. Siku ya kwanza, kwenye banda la ufinyanzi la Ikombe nilikokwenda kwa zamu, Mwalimu Atuganile, binti mwembamba aliyetoka chuoni kuja kutufundisha, alinyanyua kichupa kimoja juani akatuuliza ni nini.

"Damu ya kuku," akasema mmoja wetu.

"Ni dhahabu," akasema mwalimu.

Tulicheka mpaka udongo ukatuanguka mikononi. Dhahabu tunaijua sisi, ya njano, ipo kwenye meno ya matajiri!

"Ni ya njano ikiwa kubwa," Atuganile akasema, hakukasirika. "Ukiifanya ndogo kuliko vumbi, ndogo kuliko hata kijidudu cha homa, inabadili rangi. Chembe zikikaa mbalimbali zinaonekana nyekundu. Zikikumbatiana zinaonekana bluu. Sasa hizi tumezivisha kila moja vazi linalojua ugonjwa. Mate yakija na ugonjwa huo, zinakimbiliana kama ndugu msibani."

Nilielewa vizuri. Mpaka leo naweza kumweleza mtu.

Tulipaka wekundu kwenye mdomo wa kata kwa unyoya wa kuku. Lakini kabla yake tulipiga mstari mweusi, mwembamba, wa utando wa kaboni, ambao Atuganile alisema unene wake ni chembe moja tu. Mstari ule ndio ulikuwa mjumbe. Rangi ikibadilika, ulishuka na habari hiyo mpaka kwenye mpini, na kata ikirudishwa juu ya mtungi habari inapokelewa na kigae kilichochimbiwa chini yake, kigae kinaipeleka zahanati. Kila mtu alikuwa na kata yake yenye jina lake. Ikigeuka bluu unaiosha kwa maji ya majivu, chembe zinaachana, wekundu unarudi. Ila habari imeshakwenda.

Basi siku moja nilirudi kutoka shamba la kakao, kiu imenikaba, Tumpe wangu amelala mgongoni, nikanyoosha mkono kuchukua kata. Mdomo wake ulikuwa bluu.

*

Nesi Bupe alifika kabla sijamaliza kumenya ndizi. Alikuja na pikipiki yake ya umeme isiyo na sauti, jani la mgomba limefunika kiti kisimuunguze kwa jua.

"Subilaga, wewe tena una sukari? Mwili wenyewe uko wapi wa kuwa na sukari?"

"Unaniuliza mimi? Uliza kata yako."

Akanitoboa kidole, akaangalia kisomeo chake, akacheka. Damu yangu ilikuwa safi kama ya mtoto. Akasema kata imepakwa vibaya, nikasema labda niliipaka mimi mwenyewe siku ambayo Tumpe alinilaza macho, tukacheka wote. Akanipa mpya.

Ile mpya nayo ikageuka. Safari hii niliishika, nikaigeuza juani, nikainusa. Mdomo wa kata ulinuka ugoro uliochanganywa na magadi.

Lazima niwaeleze kuhusu mwiko, maana watu wa mjini wameusahau. Kwetu mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe usoni. Hali naye, hasemi naye, jina lake halitaji, na mimi silitaji hata leo. Akimsikia anakuja anajifunika kanga, anageuka, anainama mpaka apite. Mzee naye ana adabu yake: hapiti karibu na jiko la mkwewe, hata kivuli chake kisiguse mafiga. Mzee wetu alikuwa mwungwana sana kwa jambo hilo. Alipokaribia njia ya migomba alikohoa, kikohozi kifupi mara mbili kama mtu anayebisha hodi, akangoja, ndipo akapita. Nilimjua kwa kikohozi, kwa fimbo yake, kwa nyayo zake kubwa zenye kidole kilichojitenga, kwa shati lake la kijivu mgongoni, na kwa ugoro wake. Uso sikuujua.

Na yeye peke yake katika kaya ile hakuwa na kata nyekundu. Alikataa. Alikuwa na mtungi mweusi wa mama yake na kata ya kibuyu. Alisema mtungi unaochongea si mtungi.

Niliiosha ile kata kwa majivu kwa haraka kama mtu anayefuta damu. Haikusaidia kitu. Bupe alikuja tena, na mara hii hakucheka. Aliichukua kata ile akaenda nayo. Aliporudi nayo, Lugano alikuwa nyumbani, amekaa kwenye kigoda anavua viatu vyenye utelezi wa kakao.

"Nimeipima kwa mashine kubwa inayosoma mpaka ndani ya udongo," Bupe akasema, huku ananitazama mimi, baadaye akatazama chini. "Mate si ya Subilaga. Kuna mtu anakunywa kwa kata hii. Ana sukari nyingi, nyingi mno. Ya kuchukua macho na miguu. Namhitaji mtu huyo haraka."

"Mtu gani?" Lugano akauliza.

"Mwanamume," akasema Bupe.

*

Ninyi mtashangaa. Mtasema, si walikuwa wanaume wawili tu katika kaya ile, na mmoja kata yake ni nyekundu! Hata mtoto angejua. Lakini kwetu wazo hilo halikuwa na mlango wa kuingilia. Lugano angeweza kufikiri kwamba nyani wameshuka mlimani wakajitekea maji, kabla hajafikiri kwamba baba yake ameingia jikoni kwa mkwewe. Kwa hiyo akafikiri lile lililobaki.

"Mke wangu."

"Abee."

"Ni nani anayekuja kunywa maji jikoni kwangu, mimi nikiwa kwenye kakao?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Niliuona uzito wake. Ningesema tu, ni baba yako. Lakini watu wakisikia mzee ameingia jikoni kwa mke wa mwanawe na kuweka mdomo wake alipouweka mkwewe, nani atasema ni maji tu? Wangeyapika maneno hayo mpaka yaive. Mzee angekwenda kuishi porini kwa aibu, au angefanya lililo baya zaidi.

"Sijaleta mwanamume hapa," nikasema.

"Kata inasema uongo?"

"Kata haisemi uongo."

"Basi na wewe usiseme."

Hakunipiga. Lugano hakuwa mtu wa kupiga. Alichukua mkeka wake akahamia chumba cha kukaushia kakao, na chakula changu akaacha kukila. Alikuwa mtu aliyependa kunichekesha, anajua kuigiza bata anavyokimbia mvua. Siku zile alipita mbele yangu kama mtu anayepita mbele ya duka lililofungwa. Halafu akatuma ujumbe Ikombe, kwamba watu wangu waje Jumapili. Nilijua maana yake. Ningerudishwa kwetu, na Tumpe, kwa vile ni mtoto wa ukoo wao, angebaki.

Mama mkwe wangu alikuwa ananisaidia kuchambua mchele siku hiyo. Alikuwa mwanamke mnene, mpole, vidole vyake vinakwenda kwenye ungo kama kuku wanaodonoa.

"Mtungi wa mzee siku hizi haufiki mchana," akasema, kama mtu anayeongea na mchele. "Zamani ulikuwa unatutosha mpaka kesho yake. Nikimuuliza kama ameumaliza, anasema umevuja."

"Mama, kumbe unajua?"

"Mimi najua kwamba mchele huu una mawe."

Tukachambua. Nyuma ya mgomba wa mwisho, mahali ambapo mzee alikuwa na kawaida ya kusimama kwa haja ndogo, sisimizi walikuwa wamejikusanya ardhini msururu mrefu, kama kwenye asali iliyomwagika. Niliwaona nilipokuwa nafagia. Mama mkwe naye alikuwa amewaona, maana alimwaga majivu hapo kila asubuhi.

"Mwaka wa kipindupindu," akasema, "kata ya kaka wa mzee iligeuka. Wakaja watu wamevaa nguo za kufunika mpaka macho, wakamchukua wakampeleka kambini ziwani. Tulimfuata na uji. Wakatuambia tusubiri getini. Tulisubiri mpaka wakatuambia amekwisha kuzikwa. Hakuna wa kwetu aliyemtupia udongo. Mzee siku hiyo akasema, mimi sitatajwa na chombo." Akapuliza makapi. "Ukimtaja, watamchukua, na atakufa kabla ya ugonjwa kwa sababu ya aibu. Ukinyamaza, atakufa taratibu, na wewe utarudishwa kwenu. Mimi ni mama yako na ni mke wake. Sikuchagulii, mwanangu."

Wakati ule ule tukasikia kikohozi njiani. Nikajifunika, nikageuka. Fimbo ilipita, ikagonga jiwe ambalo kila siku ilikuwa inalikwepa. Mguu mmoja ulikuwa unaburuzwa.

*

Zamu yangu ya ufinyanzi ilipofika nilishuka Ikombe. Nakumbuka kila kitu cha banda lile: moshi wa tanuri, vigae vya kibuyu vya kulainishia, akina mama wanaimba na kuwasema waume zao, na kokoto laini la mama yangu ambalo nililirithi, la rangi ya ini, ambalo lilikuwa limesugua mitungi mpaka likapata shimo la kidole gumba chake. Kidole changu kiliingia humo humo.

Nikafinyanga kata. Niliifanya ndogo, nyepesi, mpini nikaupinda kidogo ukae vizuri kwenye mkono mkubwa wa mtu asiyeona vizuri. Ilipotoka tanurini na kupoa nikachukua unyoya. Chupa nyeusi ya kaboni ilikuwa mkono wa kushoto, nyekundu mkono wa kulia. Nikachovya kulia.

"Umeruka mstari," akasema Atuganile nyuma yangu.

"Sijaruka, mwalimu."

Akachuchumaa kando yangu. Alikuwa na tabia ya kushusha sauti akitaka kukukaripia, kinyume cha watu wengine.

"Subilaga, bila mstari mweusi kata hii haitamwambia mtu yeyote."

"Itamwambia aliyeishika."

"Na akiona akanyamaza? Tulizika watu mia kwa sababu ya watu walioona wakanyamaza. Chombo kinachojua na hakisemi ni kibaya kuliko kisichojua."

"Na kile kinachosema kwa watu wote kabla hakijamwambia mwenyewe?"

Alishika kokoto la mama akaligeuzageuza. Mimi nilikuwa najua kwamba anachosema ni kweli. Kama ingekuwa kipindupindu nisingethubutu. Lakini sukari haimrukii jirani. Ilikuwa inamla mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa hajaulizwa.

"Sheria inasema kata kama hii ivunjwe hapo hapo," akasema mwishowe. "Mimi naenda kuangalia tanuri. Nikirudi nisiikute mezani. Lakini ikijulikana, Subilaga, unyoya huo nitauchukua, na sitakurudishia. Usije ukanililia."

"Sitakulilia."

Na kweli ilipojulikana aliuchukua, na sikumlilia. Nilibaki kufinyanga matumbo ya mitungi, midomo ikapakwa na wengine.

*

Nilirudi Kyela nikaweka ile kata juu ya mtungi. Ile ya jina langu nikaificha ndani ya unga. Nikamfunga Tumpe mgongoni, nikatoka kwenda shambani kwa kelele nyingi, nikiimba njia nzima ili anayetaka kujua nimeondoka ajue.

Sijui mzee alikaa jikoni kwangu muda gani. Nawaza tu. Nawaza akiinama mlangoni kwa kuwa mlango wangu ulikuwa mfupi, akinyoosha mkono gizani kwenye kona yenye baridi, akinywa, akinywa tena, halafu akiitoa kata nje kwenye mwanga kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza ukungu, na kuona wekundu unakimbia. Akiigeuza. Akitafuta mstari mweusi, kwa maana hata waliozikataa kata zile waliujua mstari wake, na asiuone. Mtu mwenye akili angeelewa mara moja mambo yote mawili: kwamba anaumwa, na kwamba mwenye jiko anajua, tena hakumwambia mtu.

Niliporudi, kata haikuwa juu ya mtungi. Ilikuwa kwenye kichanja, imelazwa kifudifudi. Mimi kata zangu sizilazi kifudifudi kamwe. Kwetu Ikombe tunasema unazinyima pumzi, tunazitundika kwa mpini. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa na mwezi mchanga wa bluu.

Sikuiosha. Niliiacha ilivyolazwa. Tangu siku hiyo maji ya mtungi wangu hayakupungua.

Nikangoja. Siku zikapita, hakuna neno. Nikafikiri, basi, amechagua kunyamaza, ni haki yake, mimi ndiye niliyempa. Haki hiyo nilikuwa naikunja pamoja na kanga zangu nilipoanza kufunga mzigo. Tumpe alikuwa anazikunjua nyuma yangu, moja moja, akicheka.

*

Jumapili walikuja Mjomba Ambindwile na watu wengine wawili wa kwetu. Bupe akaitwa kama shahidi, amevaa gauni la kanisani. Mimi nilikaa ndani ya jiko langu, jamvi limening'inizwa mlangoni, kwa sababu mwenye kiti cha kikao alikuwa mzee mwenyewe. Ni kaya yake, nani mwingine angeamua? Kupitia upenyo wa ukili niliona magoti ya watu, na lile shati la kijivu upande wa mgongo.

Lugano alisema maneno machache, kwa sauti ya chini. Kata imesema. Mke hasemi. Yeye hawezi kula kwenye nyumba ambayo haijui nani anakunywa humo.

Mjomba Ambindwile alikuwa mtu wa maneno. "Ndaga, mkwe, asante, nimekusikia. Sisi ni watu wa mitungi. Mnunuzi akisema mtungi unavuja, tunamwambia, tuonyeshe tundu. Tundu liko wapi?"

"Kata imesema ni mwanamume."

"Imemtaja jina?"

"Haitaji jina," Bupe akasema. "Inajua mate, haimjui mtu, mpaka naye apimwe."

"Basi wapimeni wanaume wote wa Kyela, muanze na mchungaji!"

Watu wakacheka kidogo, cheko la kikao, linalokufa upesi. Nikasikia Tumpe anaita "Baba!" huko uani, na Lugano hakuitika.

Ndipo mzee akakohoa. Kikohozi kifupi, mara mbili. Nikainama nyuma ya jamvi, peke yangu, kwa mazoea.

"Mama Lugano," akasema. "Ingia jikoni kwa mkweo. Kwenye kichanja kuna kata imelala kifudifudi. Ijaze maji uniletee."

Mama mkwe aliingia. Hakunitazama. Alipochota, maji yalimwagika kwenye mafiga. Nje neno lilikuwa limeanza kuwaingia watu, mmoja mmoja. Mtu ambaye hajawahi kukanyaga jiko lile angejuaje kata imelalaje?

Mzee alisimama. Aligeuza kiti chake, akalipa jiko langu mgongo wote, akaigeuza kata upande uliokuwa bado mwekundu, akanywa. Alikunywa polepole, mpaka tone la mwisho. Kisha akamnyooshea Bupe.

"Soma."

Bupe hakuwa na haja ya kusoma. Wote waliona.

"Nilikuwa na kiu," mzee akasema. "Kiu isiyo ya kawaida. Mtungi wangu ukiisha niliona haya kuomba mwingine, kwa sababu anayeomba maji kila saa huulizwa anaumwa nini. Nikaingia mahali ambapo siruhusiwi, nikanywa. Ni maji tu niliyochukua. Mtoto wa watu amenijua tangu mwanzo. Amenyamaza mpaka nyumba yake inabomolewa, na mimi nimekaa hapa kwenye kiti nasikiliza. Kosa si lake. Ni langu."

"Baba," Lugano akasema.

"Usiseme na mimi. Mwenye kusemwa naye yuko nyuma ya jamvi."

Bupe alikuwa amepiga magoti mbele ya mzee, ameshika kidole cha mkono wake. "Mzee, twende zahanati. Ni kibandiko tu, tunakiweka begani, kinakupa dawa chenyewe. Unalala kwako."

"Na kambi?"

"Kambi ilifungwa zamani, mzee. Pale sasa wanafuga samaki."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Habari zilikuwa zinakuja na mitungi," Bupe akasema kwa upole. "Na wewe uliikataa."

Mjomba Ambindwile akajaribu kucheka, akashindwa.

"Nitakuja kesho," mzee akasema. "Kwa miguu yangu. Asije mtu kunichukua."

"Hatakuja mtu."

Bupe alipotaka kuichukua kata ile, akaigeuza chini juu, akatazama kisomeo chake kilichokuwa kimya mkononi, akatazama jamvi langu. Alielewa. Alikuja akaipenyeza chini ya jamvi, taratibu.

"Hii ni mbovu," akasema kwa sauti ya watu wote wasikie. "Sina kazi nayo."

*

Kata ya jina langu niliitoa kwenye unga, ikarudi kwenye mtungi, na Lugano akarudi kula. Siku ya kwanza alisimama mlangoni, akafungua mikono kama mabawa, akaigiza bata anavyokimbia mvua, huku machozi yanamtoka. Nikamwacha acheze mpaka achoke. Alistahili kuchoka.

Wazee wa ukoo walisema kwamba kwa kuwa mwiko umevunjika, mzee atoe ndama, halafu mimi na yeye tusalimiane kama watu wa mjini. Ndama alitoa. Kusalimiana alikataa. Alimtuma mama mkwe aniambie: haujavunjika, umepata ufa, na mfinyanzi anajua ufa unavyozibwa. Nikafurahi, sijui kwa nini. Nadhani kwa sababu adabu ile ndiyo lugha pekee tuliyokuwa tumeongea.

Aliishi. Mguu ulipona, jicho moja likabaki na ukungu. Alikubali kata nyekundu, akaiita mchongezi mpaka mwisho wake, "Nileteeni mchongezi ninywe." Alimwona Tumpe akienda shule. Kila asubuhi kikohozi mara mbili, fimbo inapita, mimi nageuka na kanga yangu, na harufu ya ugoro inabaki njiani kwa muda. Siku alipokufa nililia nikiwa nimempa mgongo, kama ilivyotakiwa.

Wajukuu wananiambia, Bibi, picha zake zipo, zimehifadhiwa, tukiuamuru ukuta utakuonyesha uso wake sasa hivi, mkubwa kama mlango. Nawaambia waache. Ninao uso wake wa kunitosha. Mwezi wa kushoto aliunywa kwa kujificha, wa kulia aliunywa mbele za watu, na ukiupima mmoja kwa kidole bila kuugusa unapata upana wa mdomo wake.

Kila Jumamosi naishusha kata ile. Naipangusa vumbi mpini, naipangusa tumbo. Mdomo siugusi.